Jinsi ya kulimudu neno "make" la Kiingereza: maana zake, asili yake na mitego yake

Kila darasa jipya la Kiingereza linapoanza, maswali ni yale yale. Kwa nini tunasema "make a mistake" lakini "do homework", ilhali kwetu yote mawili ni kufanya? Kwa nini "he made me laugh" haina "to" katikati? Meza ni "made of wood" au "made from wood"? Na kwa nini ukimwambia Mwingereza "the mechanic made my car" anakushangaa, wakati fundi kweli amelitengeneza gari na sasa linatembea?

Mwongozo huu ni wa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima, kwa hiyo havigusi mitego inayotunasa sisi hasa, ile inayotokana na "kufanya", "kutengeneza" na "kupiga" zetu. Fuata hatua kwa mpangilio kama ndiyo unaanza. Kama Kiingereza unakijua kiasi, nenda kwenye hatua ya 4 na ya 5, maana hapo ndipo hata walimu huteleza.

Vitu vya kuwa navyo

Uwe na daftari lenye kurasa chache tupu. Nasisitiza daftari kwa sababu neno hili hushika kichwani kwa kuandika sentensi nzima kwa mkono, na orodha uliyoipiga picha kwenye simu huwa hairudiwi.

Uwe na kamusi mbili. Ya kwanza ni ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa mfano ile ya TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoka mwaka 1996. Ya pili ni ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, yenye mifano ya sentensi. Ya kwanza itakupa maana, na ya pili itakuonyesha neno linakaa na nani. Ukiwa na moja tu, iwe hiyo ya pili.

Tafuta pia ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, wowote ule. Utauhitaji mwishoni.

Hatua ya 1: Liandike na ulitamke sawasawa

Maumbo ni machache: "make", "makes", "making", "made". Wakati uliopita ni "made", na umbo linalokwenda na "have" ni "made" hilo hilo. Hakuna "maked". Hakuna "makeing" wala "makking"; herufi e inaondoka kabla ya "-ing".

Matamshi ni "meik" na "meid". Usilisome kwa Kiswahili ukapata neno lenye silabi mbili. Jambo la kuvutia ni kwamba zamani lingekaribia kusomeka hivyo. Kabla ya karne ya 15 Waingereza walilitamka kwa a ndefu kama yetu, tena mwisho wa neno ulisikika. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama, matamshi yakabadilika, lakini tahajia ikabaki ilivyokuwa. Ndiyo sababu "make", "name", "take" na "late" zote zina a inayosomwa "ei" na e ya mwisho isiyosikika. Ukilishika hilo kwa neno moja, umelishika kwa mamia.

Hatua ya 2: Jua lilikotoka, kwa ufupi tu

Neno hili ni la ukoo wa Kijerumani. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "macian", na wakati wake uliopita ulikuwa "macode". Baadaye likawa "makede", kisha k ikamezwa, ikabaki "made". Kwa hiyo "made" ilizaliwa kwa kanuni ya kawaida ya "-ed", ila ilisagika mdomoni kwa karne kadhaa. Ndugu zake wako hai hadi leo: "machen" ya Kijerumani na "maken" ya Kiholanzi. Wataalamu wa lugha wanalirudisha nyuma zaidi, hadi kwenye mzizi uliokuwa na maana ya kukanda, kama mtu anavyokanda unga au udongo mpaka ukapata umbo.

Mwanzoni "macian" haikuwa na nguvu kubwa. Kitenzi kikuu cha kutengeneza kilikuwa "wyrcan", ambacho leo ni "work". Umbo lake la zamani la wakati uliopita limebaki katika "wrought iron", yaani chuma kilichofuliwa kwa nyundo. Fundi aliitwa "wyrhta", na masalia yake ni "wright" iliyomo ndani ya "shipwright", fundi wa kuunda meli, na "playwright", mtunzi wa tamthilia. Wanafunzi wengi huandika "playwrite" wakidhani linatokana na kuandika. Linatokana na ufundi.

Inatosha kujua hayo. Chukua jambo moja tu: kiini cha "make" ni kukipa kitu umbo ambalo hakikuwa nalo. Kiini hicho kitakusaidia sana hatua ya 4.

Hatua ya 3: Acha kutafuta neno moja la Kiswahili, tazama kinachofuata

Usijaribu kukariri maana zote. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika kwa mara ya kwanza mwaka 1928, ilipoanza kuhaririwa upya mwaka 2000 wahariri walianzia herufi M. Mwaka huo "make" likawa ndilo lenye maelezo marefu kuliko neno lolote katika kamusi hiyo, likashikilia nafasi hiyo mpaka "put" lilipolipita mwaka 2007, na "run" likayapita yote mwaka 2011 kwa maana 645. Hakuna Mwingereza anayetembea na orodha ya namna hiyo kichwani. Anachojua ni kinachokuja baada ya neno.

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, uandike miundo hii, kila mmoja na sentensi yako mwenyewe.

Make na kitu: "She makes baskets." Anasuka vikapu. Hapa kitu hakikuwapo, sasa kipo. Angalia kwamba Kiswahili kina kitenzi maalumu kwa kila kazi: kikapu husukwa, chungu hufinyangwa, jahazi huundwa, tofali hufyatuliwa, ugali husongwa. Kiingereza kinaridhika na "make" kwa zote.

Make, mtu, kitu: "He made me some tea." Alinitengenezea chai. Ile -ea ya Kiswahili inabebwa na "me" inayokaa mara tu baada ya kitenzi. Ukipenda kuweka kitu kwanza, ongeza "for": "He made some tea for me."

Make, mtu, sifa: "The news made her angry." Habari zile zilimkasirisha. Usiweke "to be" katikati.

Make, mtu, kitenzi: "The film made us cry." Filamu ilituliza, yaani tulitoa machozi. Muundo huu una hatua yake hapo mbele.

Make, mtu, cheo: "They made him chairman." Walimfanya mwenyekiti. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakwenda sambamba.

Make na jumla au hali: "Two and three make five." Mbili na tatu ni tano. Katika muundo huu huu utasikia "She will make a good doctor". Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe atakuwa daktari mzuri. Wengi hudhani anamtengeneza daktari mwingine.

Hatua ya 4: Tenganisha "make" na "do"

Swali la kwanza la kujiuliza: mwishoni kinabaki nini? Kikibaki kitu kipya, kinachoonekana au kisichoonekana, elekea "make". Ukiwa unatekeleza kazi iliyokuwapo tayari, elekea "do". Kosa halikuwapo, umelileta wewe: "make a mistake". Uamuzi haukuwapo: "make a decision". Mpango, kelele, ahadi, udhuru, vyote vimezaliwa na wewe. Lakini kazi ya nyumbani ulipewa na mwalimu, unaitekeleza: "do homework". Vyombo vilikuwa vichafu kabla hujaja: "do the dishes". Vivyo hivyo "do the washing", "do research", "do business", "do your best", "do someone a favour".

Kanuni hii itakufikisha mbali ila haitakufikisha mwisho. Kitanda unakikuta kipo, na bado kukitandika ni "make the bed". Yaliyobaki yanataka kukaririwa, na njia bora ya kuyakariri kwa Mswahili ni kuanzia kwenye vitenzi vyake mwenyewe. Tenga ukurasa mmoja kwa kila kitenzi kati ya vifuatavyo.

Ukurasa wa "piga". Kupiga simu ni "make a phone call", kupiga kelele ni "make noise", kupiga hatua kimaendeleo ni "make progress". Chora mstari, chini yake andika zinazokataa: kupiga picha ni "take a photo", kupiga mswaki ni "brush your teeth", kupiga pasi ni "iron", kupiga kura ni "vote".

Ukurasa wa "toa". Kutoa hotuba, "make a speech". Kutoa ahadi, "make a promise". Pendekezo, "make a suggestion". Malalamiko, "make a complaint". Kisingizio, "make an excuse". Chini ya mstari: kutoa ushauri ni "give advice", kutoa mfano ni "give an example".

Ukurasa wa "pata". Kupata pesa kwa jasho lako ni "make money". Faida ni "make a profit", hata hasara ni "make a loss". Kupata marafiki ni "make friends", kujipatia riziki ni "make a living". Chini ya mstari: kupata ajali ni "have an accident", kupata homa ni "get a fever".

Ukurasa wa "leta" ni mfupi: kuleta tofauti ni "make a difference", kuleta fujo ni "make trouble", kuleta maana ni "make sense".

Kosa linalorudiwa zaidi hapa ni "do a mistake". Linatoka moja kwa moja kwenye "kufanya kosa", na linasikika hata kwa watu waliosoma sana. La pili ni "make homework", ambalo huja mtu anapojirekebisha kupita kiasi: ameambiwa "do" ni kosa, basi anaikimbia kila mahali. Usiikimbie. "Do" ina kazi zake.

Hatua ya 5: Jihadhari na "kutengeneza"

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza kimyakimya. Kutengeneza kwa Kiswahili ni kuunda kitu kipya, na pia ni kukarabati kilichoharibika. "Make" haina maana hiyo ya pili hata kidogo. Ukisema "He is making the radio", msikilizaji anaona mtu anaunda redio kuanzia mwanzo. Kwa kilichoharibika tumia "repair" au "fix": "He is fixing the radio."

Na kama ni wewe unayempelekea fundi, Kiingereza kina muundo wake: "I had my phone fixed." Nilitengenezewa simu. Usiseme "I made my phone", na usiseme "I fixed my phone" kama hukuishika bisibisi mwenyewe, kwa sababu utaeleweka kwamba fundi ni wewe.

Nywele nazo zina yake. Kutengeneza nywele ni "do my hair", na ukienda saluni ni "have my hair done". Kutengeneza barabara inategemea: ikiwa mpya, "build a road", ikiwa ni kuziba mashimo, "repair the road".

Hatua ya 6: Chagua kiungo kinachofuata "made"

Kiswahili kinaweza kusema "meza ya mbao" na "karatasi ya mti" kwa -a ile ile. Kiingereza kinauliza: je, malighafi bado unaiona?

Ukiwa bado unaitambua, tumia "of". "The table is made of wood." Gusa meza, ni mbao. "The shirt is made of cotton."

Ikiwa imegeuka kabisa, tumia "from". "Paper is made from wood." Shika karatasi, mti huuoni tena. Jibini ni "made from milk", sukari yetu ni "made from sugar cane".

Ukitaja kiungo kimojawapo kati ya vingi, tumia "with": "This pilau is made with cumin and cardamom." Bizari nyembamba na iliki zimo, lakini pilau si hizo peke yake.

Kitu kikiwa kimegeuzwa matumizi yake, "out of" inapendeza zaidi. Mfano wake mzuri tunao miguuni: katambuga, ambazo Kenya huitwa akala. "These sandals are made out of old tyres." Ukisema "made of" hujakosea, ila "out of" inamwonyesha msikilizaji ule ubunifu wa tairi kugeuka kiatu. Ukianza na malighafi, tumia "into": "They make old tyres into sandals."

Mahali ni "in", mtendaji ni "by". "Made in Kenya." "Made by my grandmother." Watu wengi huandika "made by China" kwa sababu Kiswahili cha mitaani husema "ya Mchina". Kama unataja nchi kama mahali, ni "in".

Hatua ya 7: Tumia "make" mahali pa -sha na -za zetu

Kiswahili kina mashine ndogo mwishoni mwa kitenzi: cheka inakuwa chekesha, lia inakuwa liza, furahi inakuwa furahisha. Kiingereza mara nyingi hutumia "make" kwa kazi hiyo. "He made me laugh." "She made him cry." "You made us happy."

Onyo la kwanza: baada ya "make" na mtu, kitenzi kinakuja kitupu. Hakuna "to", hakuna "-ed", hakuna "-s". Si "he made me to laugh", wala si "he made me laughed". Kosa hili linaeleweka, kwani "alinifanya nicheke" ina vitenzi viwili vyenye viambishi kamili, basi mtu anahisi cha pili kinapaswa kuvaa kitu.

Onyo la pili linaonekana kuligeuza la kwanza, kwa hiyo lisome polepole. Sentensi ikiwa ya kutendwa, "to" inarudi. "They made me wait", lakini "I was made to wait". Zote mbili ni sahihi. Usiulize mantiki yake. Andika zote mbili mstari mmoja, uzisome kwa sauti mpaka masikio yazoee.

Onyo la tatu ndilo kubwa. Si kila -sha ni "make". Mama akimlisha mtoto, Kiingereza ni "she fed the child". Ukisema "she made the child eat", umesema alimlazimisha, huenda mtoto alikuwa akilia na kijiko kikisukumwa mdomoni. Mwalimu akifundisha ni "teach". Akimwonyesha mgeni njia ni "show". Kumvusha mzee barabara ni "help him cross". "Make him cross" ni kumvusha kwa nguvu. Kwa vitendo vya hiari, "make" huleta harufu ya shuruti. Kwa hisia na vitendo vinavyokuja vyenyewe, kama kucheka, kulia na kukasirika, haileti.

Hatua ya 8: Shika vikundi vichache, achana na vingine kwa sasa

"Make" ikishikana na neno dogo hubadilika. Anza na "make up", kwa kuwa lina maana nyingi na zote hutumika kila siku. Kupatana baada ya ugomvi: "They made up." Kuzua: "He made up a story." Kuunda sehemu ya kitu: "Women make up half of the class." Kufidia: "I will make up for the lost time." Na likiandikwa kama neno moja, "makeup", ni vipodozi. Kukata shauri ni "make up your mind".

"Make out" ni kubaini kwa shida, kama mwandiko mbaya au sauti ya mbali. "Make do with" ni kujikimu na kilichopo. "Make for" ni kuelekea mahali, na "make off" ni kutoroka. Vingine utakutana navyo njiani.

Ongeza "make it", kwa sababu itakukwamisha kwenye mazungumzo. "I can't make it on Friday": sitaweza kuja Ijumaa. "We made it!": tumefanikiwa, au tumewahi. Hospitalini, "Did he make it?" ni swali zito. Linauliza kama mgonjwa amepona au amefariki. Usilijibu kwa tabasamu bila kuelewa.

Hatua ya 9: Jua wakati wa kuliacha

Katika mazungumzo "make" linatosha karibu kila mahali. Katika insha, barua ya kazi au ripoti, chagua neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe. Mengi ya maneno hayo yametoka Kilatini, baadhi yakipitia Kifaransa, na kujua asili yake kunasaidia kuchagua.

"Produce" linatokana na "producere", kuleta mbele. Kwa hiyo hufaa kwa kinachotoka ndani ya kitu kingine: ng'ombe hutoa maziwa, shamba hutoa mahindi, kiwanda hutoa saruji. Chunga mkazo wa sauti. Kitenzi hukazwa mwishoni. Nomino, ambayo ni mazao ya shambani, hukazwa mwanzoni.

"Manufacture" ni "mkono" na "kufanya" vilivyounganishwa, ila leo ni neno la viwanda na mashine, si la kikapu cha bibi. "Generate" asili yake ni kuzaa. Ndilo la kufua umeme, na pia la kuleta mapato. "Create" ni kuumba na kubuni, liachie mambo yenye upya wa kweli. "Fabricate" lilitoka kwa fundi, lakini tahadhari: kwenye habari za mahakamani mara nyingi ni kuzua uwongo.

Mshairi kwa Kiingereza ni "poet", neno linalotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutengeneza. Waskoti wana lao la nyumbani, "makar", yaani mwenye kutengeneza, na tangu mwaka 2004 mshairi wa taifa la Uskoti hubeba jina hilo. Sisi tunasema mshairi hutunga. Mtihanini andika "write a poem" au "compose", usiandike "make a poem".

Zoezi: rekebisha aya nzima

Soma aya hii, iliyojaa makosa ya kawaida. Ifunike iliyorekebishwa, uandike ya kwako kwanza.

"Yesterday I made my homework and then I went to make my phone. The technician maked me to wait. I did a mistake, I did not ask the price first. The cover he sold me is made from leather and it is made by China. At home my sister told a joke and made me to laugh."

Iliyorekebishwa:

"Yesterday I did my homework and then I went to have my phone fixed. The technician made me wait. I made a mistake: I did not ask the price first. The cover he sold me is made of leather and it was made in China. At home my sister told a joke and made me laugh."

Ngozi imekuwa "of" kwa sababu ukiigusa bado ni ngozi. Na utani umebaki "told": "make a joke" ni kutania papo hapo, "tell a joke" ni kusimulia kichekesho ulichokuwa nacho tayari.

Sasa chukua lile gazeti. Zungushia kila "make", "made" na "making". Kando ya kila moja andika namba ya hatua inayoihusu. Isiyoingia popote, iandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na sentensi yake nzima.

Ukikwama

Umesahau kama ni "make" au "do" katikati ya mazungumzo. Likwepe. Mengi yana kitenzi chake kamili: "decide" badala ya "make a decision", "complain", "suggest", "promise", "call". Ni Kiingereza safi, na mara nyingi hata kifupi zaidi.

Kamusi inatoa maana nyingi na hujui ipi. Usisome kuanzia namba moja kwenda chini. Tazama kwanza kinachofuata neno katika sentensi yako, kisha tafuta kwenye kamusi mfano wenye muundo huo.

Umeulizwa "What make is it?" na hakuna kitenzi. Hapo "make" ni nomino, swali ni la chapa. Gari likiwa Toyota Corolla, jibu ni Toyota. Corolla ni "model".

Umeulizwa "What do you make of it?" Hutakiwi kutengeneza chochote. Ni "wewe unalionaje jambo hili?" Anza jibu kwa "I think".

Unaandika mapishi na hujui kutaja idadi. "This recipe makes 12 chapatis." Inatoa chapati 12. Hapo mpishi hatajwi, mapishi yenyewe ndiyo yanayotenda.

Unaendelea kusema "made me to" hata baada ya kujua. Acha kusoma kanuni. Andika sentensi tano kuhusu watu wa nyumbani kwako, nani hukuchekesha, nani hukuudhi, nani hukusubirisha, na uzisome kwa sauti asubuhi kabla ya kutoka. Zikianza kutoka bila "to", badilisha ziwe za kutendwa, uirudishe "to".